Pajama za Kuvaa Hadi Sokoni

"Weka saini hapo chini tu, Rosalind. Dakika moja, halafu tukale."

Garrett aliegemea meza yangu na barua ya kuwajibu forodha mkononi, na lile tabasamu lililonimaliza tangu siku ya kwanza. Kalamu sikuigusa. Kontena lake lilikuwa limezuiwa bandarini Newark siku ya tisa sasa, na watu wa forodha walikuwa kimya. Mimi ni wakala wa forodha, mwaka wa kumi na tano huu. Wakikufokea, una nafuu. Wakinyamaza, jiandae.

"Kwani wanataka nini hao?"

"Wanataka kujua kama kweli ni nguo za kulalia za wanaume."

"Si pajama hizo! Hazina mifuko, hazina zipu. Nani atatoka nazo nje?"

"Wakiona zinavaliwa nje, zinahama fungu, Garrett. Zinahesabiwa suruali na mashati ya kawaida, na ushuru wake unapaa."

"Basi saini kwamba ni za kitandani tu. Hutaki kumsaidia mumeo mtarajiwa?"

Mumeo mtarajiwa! Nina miaka arobaini na nne, mjane, na kwa neno hilo nikaivuta kalamu karibu. Kwa miezi minane alikuwa akiniambia ameachana na mkewe, talaka iko kwa hakimu. Na kwa neno lake tu kwamba ni pajama za kitandani, nilikuwa nimeshamwingizia makontena matatu, kila moja nimeandika "nguo za kulalia" na kutia saini yangu. Ikijulikana nimedanganya, leseni imekwenda, na mahakamani nitapelekwa.

Simu ikaita. Alikuwa Bi. Haskell, afisa wa forodha anayekagua nguo, mwanamke ambaye sauti yake haipandi wala haishuki.

"Bi. Tafuri, barua yako iko wapi?"

"Naimalizia."

"Kabla hujasaini, fungua ujumbe niliokutumia sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Fungua tu, mama. Sisi hatuangalii nguo peke yake. Tunaangalia na muuzaji anawaambia nini wateja wake."

Akakata.

"Nani huyo?" Garrett akauliza.

Nikaufungua ujumbe.

Ilikuwa picha kutoka ukurasa wa duka lake, ya wiki tatu tu zilizopita. Garrett mwenyewe, ndani ya pajama za kijani, ameketi nje ya mgahawa mchana kweupe. Mwanamke mwenye nywele nyekundu amemlalia begani. Chini yake ameandika: "Jumapili na mke wangu, miaka kumi na miwili ya ndoa! Pajama zetu unavaa kitandani, mgahawani, hadi sokoni."

Nilisoma mara tatu. Kisha nikamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Hii ni nini?"

Akakigeuza kioo kirudi kwangu.

"Ni tangazo tu, mpenzi. Wateja wanapenda mambo ya familia."

"Mliachana lini?"

"Tumalize la kontena kwanza."

"Lini, Garrett?"

"Picha nitaifuta leo. Wewe andika ulikuwa utani. Na usisahau, Rosalind, saini zilizoko kwenye yale makontena matatu ni zako, si zangu."

Aliyasema polepole, kwa upole kabisa, na hapo ndipo nilipomwogopa.

"Mawakala wangapi walikukatalia kabla yangu?"

"Wawili," akasema, macho chini.

Kumbe penzi lote lile alikuwa anatafuta saini yangu! Nikaichana barua, nikampigia Bi. Haskell, simu nikaiweka kwenye spika.

"Bi. Haskell, nguo hizi si za kulalia tu, zinauzwa pia kama za kutokea nje. Na makontena matatu ya nyuma yalikuwa na nguo zile zile. Naleta marekebisho leo."

"Unajua na wewe utahojiwa?"

"Najua."

"Nani alikuambia ni za kitandani tu?"

Garrett alikuwa anatikisa kichwa, midomo inaomba bila sauti. Na nilikuwa bado nampenda, Mungu anisamehe. Nilimpenda hata pale.

"Anaitwa Garrett Lindqvist," nikasema. "Ana mke."

"La mke si la forodha, mama."

"Najua," nikasema, na machozi yakanitoka. "Lakini liandike."