Nisubiri, Naswali

Jumanne, tarehe nane Machi, saa kumi alasiri, akili bandia inayomsaidia rafiki yangu kuandika programu iliacha kazi katikati, ikaandika: "Nisubiri, naswali." Ndivyo alivyoandika kaka yake kila alipoiacha kompyuta waliyoitumia pamoja, kabla hatujamzika.

Rafiki yangu, dada wa watu, akauliza sababu kwenye jukwaa la waandishi wa programu wenzake.

"Yako imetushinda kwa swala, dada," mmoja alitania. "Ifute kumbukumbu."

Akafuta bila chozi, ingawa hakubakiwa na maneno mengine ya kaka. Maneno yale yakarudi. Akachomoa waya. Mapazia hayakuwa yamefunguliwa tangu msiba, chumba kikawa giza. Bafuni bomba likafunguliwa, maji yakachuruzika, likafungwa.

Alikwenda polepole. Kandambili za kaka zilikuwa mlangoni, zimelowa.

Mola amrehemu, azipokee swala zake.