Kivuli Kwenye Mshono

Kila siku baada ya masomo, Delvene alibaki kwenye chumba cha kompyuta akiunganisha picha za jangwa. Zilikuwa saba. Alizipiga mwenyewe jioni moja juu ya kilima cha mawe, akigeuza kamera kidogokidogo kutoka kushoto kwenda kulia, ili zikiungwa ziwe picha moja ndefu ya ukutani.

Aliyeiomba ni bibi yake, Maudie. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki alikaa zahanati kwa saa tano nzima akisafishwa damu kwa mashine.

"Ukuta ule mweupe utaniua kabla ya figo," alilalamika. "Niletee nchi yangu niitazame."

Tatizo lilikuwa picha ya nne. Jioni ile wenzake walikuwa wakimwita mpirani, akageuza kamera kwa pupa, picha ikatoka imetikisika. Kurudi kilimani ni mwendo wa saa nzima, naye akaona uvivu. Akachukua picha ya mwaka jana ya upande uleule. Ndani yake, kando ya mtini uliootea mwambani, alikuwa amesimama babu yake.

Babu alifariki wakati wa baridi. Kwetu huku jangwani jina la marehemu halitajwi, na picha zake hufichwa mpaka msiba uishe. Delvene alilijua hilo vizuri. Basi akamfuta babu kwenye kompyuta, akajaza mchanga mwekundu mahali pake. Mwalimu Noreen alimsifu sana.

"Hata palipoungwa sipaoni!" alisema.

Jumatatu picha ikatundikwa zahanati. Bibi aliitazama muda mrefu akitabasamu, mashine ikizunguka kando yake. Kisha tabasamu likafutika.

"Delvene, kivuli kile cha nani?"

Mchangani kililala kivuli kirefu cha jioni, chenye kofia pana na fimbo. Mwenye kivuli hakuwepo. Delvene alikuwa amemfuta mtu, akasahau kivuli chake.

"Sijui, bibi."

"Mimi namjua. Amekuja kunichukua."

Nesi Colleen aliishusha picha siku ileile, lakini Jumatano bibi hakwenda zahanati. "Kuishusha kunasaidia nini?" aliuliza. "Mlango ameshaujua." Ijumaa pia hakwenda. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi. Delvene naye hakuwa na amani. Jua likizama, kivuli chake mwenyewe kilirefuka mbele yake njiani, akawa anakimbia mpaka nyumbani bila kukitazama.

Jumamosi jioni nesi alikuja. "Asiposafishwa damu leo, sidhani kama ataiona Jumatatu," alimnong'oneza Delvene.

Delvene akaenda kupiga magoti kando ya godoro la bibi.

"Bibi, ni mimi. Picha ya nne niliiharibu. Nikaweka ya zamani, nikamfuta... nikamfuta yule mzee wetu. Kivuli nilikisahau."

Delvene akaanza kulia.

"Siku tano usiku silali," bibi alisema mwishowe, "namsihi mume wangu asiwe na haraka. Kumbe nabishana na kompyuta yako, mtoto mjinga wee!" Akacheka hadi akakohoa, na machozi yakamtoka.

Jioni ileile shangazi zake Delvene wakachoma majani mabichi mlangoni mwa zahanati, moshi ukapita chumba kizima kuisindikiza roho ya marehemu, kama desturi inavyotaka. Bibi akaingia, akaunganishwa na mashine.

"Kesho nitazipiga zote upya," Delvene alisema.

"Hizi sita ni za kweli, ziache. Kata kile kipande tu."

Delvene akakata kwa mkasi, akaitundika picha ikiwa vipande viwili. Katikati ukaonekana ukuta mweupe, upana wa viganja viwili.

"Sasa nisikilize, mjukuu wangu," bibi alisema. "Ungeniambia siku ya kwanza kwamba picha imeharibika, ningekucheka, yakaisha. Pengo halijanitisha hata kidogo. Ulichozibia pengo ndicho kilichotaka kuniua. Ukikosea, sema umekosea."

"Nimesikia, bibi. Lakini pale patupu hapakusumbui?"

"Patupu? Mimi najua pana nani."

Akaegemea kiti, akatazama pale peupe. Baadaye kidogo akainua mkono wake ule usio na sindano, taratibu, akapunga.