Mke wa Nyumba ya Jua

"Washa pasi. Washa na jiko, na mashine ya kufulia. Vyote kwa mpigo."

"Utaniunguzia nyumba, mume wangu!"

"Nyumba yetu haiungui. Jua lifanye kazi, sisi tule raha."

Fundi sola akakata simu. Mpenzi wake, fundi cherehani, akawasha kila kitu huku akicheka peke yake. Miaka yote kapanga chumba kimoja chenye joto la tanuri, leo yuko kwenye nyumba mpya, kuta nene, ubaridi bila feni! Funguo za chumba alisharudisha. Kwa mama yake alishaaga.

Meseji hazikukatika.

"Maji ya kuoga bado moto asubuhi?"

"Taa zilififia ulipopiga pasi?"

Maskini, akaona anajaliwa. Mapenzi upofu, jamani.

Jumamosi mlango ukafunguliwa. Fundi sola aliingia na mama yake, na nyuma yao msichana mmoja mwenye pete mpya kidoleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye huyu wa majaribio?"

"Majaribio gani?"

Fundi hata macho hakuinamisha.

"Nyumba ya sola huijui mpaka ikaliwe na mtu. Apike, afue, aoge. Sikutaka bibi harusi wangu aje alale gizani."

"Na mimi ni nani?"

"Umesaidia sana. Kweli, nashukuru."

"Nimerudisha chumba kwa ajili yako!"

"Kwani ulishikwa mkono?" mama mtu akadakia, akifungua friji.

Bibi harusi alikuwa akipapasa mapazia.

"Kashona vizuri. Anaondoka leo?"

"Kesho," fundi akajibu. "Leo wajomba wanakuja, nataka nione betri ikibeba watu wengi. Na mpishi tunamhitaji."

Bibi harusi akageuka taratibu. Hofu ilimjaa usoni.

"Na mimi, ukishamaliza kunijaribu?"

"Acha maneno, mwanangu," mama mkwe akasema. "Nyumba umepata."

Bibi harusi akatazama sebule yote, akaketi. Nyumba ilikuwa nzuri mno.

Fundi cherehani hakupika. Alijitwika cherehani yake kichwani akatoka bila kuaga. Alipofika barabarani akaitua, akampigia mama yake.

"Mama, nakuja."

"Karibu, mwanangu! Unakuja kutembea?"

"Nakuja kukaa."

"Haya, na nyumba yako ya jua?"

Alilia kwanza.

"Ina wenyewe, mama."