Mama wa Bembea, Sehemu ya Tano

Tanah Abang wiki moja kabla ya Idi si soko, ni mtihani. Mtu huingia na mke wake akatoka ameshika mkono wa mke wa jirani, na hakuna aliyegundua mpaka kwenye hesabu ya mifuko. Katikati ya msongamano huo alisimama Wening, mwembamba, nywele hadi kiunoni, gauni lake la kijani limemganda mgongoni kwa jasho. Alikuwa amekumbatia jora la kitambaa cheupe, akimsubiri Bu Sarmi, mama fundi wa mavazi ya sinema, amalize kugombana na mwenye duka.

Nyuma yake kijana mwenye shati la batiki la kahawia alikuwa akipiga kelele kwenye simu, maana pale usipopiga kelele husikiki.

"Ndiyo, nimekubali kuandika! Lakini sehemu ya tatu, jamani? Mzuka yuleyule, bembea ileile. Anatokea, anageuka, anacheka, mtu anakufa. Watu watasinzia! Na huyo dada anayeigiza, simjui ni nani, anacheka kama pampu iliyokaukiwa maji!"

Wening akageuka. Akainamisha kichwa, nywele zikafunika uso wote, kisha akacheka.

Kicheko kilianza chini, kama cha mtoto anayetekenywa, kikapanda, kikakatika ghafla pale ambapo sikio lilikuwa limeshajiandaa kusikia zaidi. Mama mmoja akaangusha mfuko. Mwenye duka akasema astaghafiru. Simu ya kijana ikatumbukia kwenye kapu la soksi.

"Pampu iliyokaukiwa maji," Wening akasema, akizirudisha nywele nyuma. "Endelea, Mas, kaka yangu. Nakusikiliza."

"Dada... samahani. Mimi sikujua..."

"Wewe ndiye mwandishi mpya. Niliambiwa unakuja. Hawakuniambia kwamba una mdomo."

Bu Sarmi akacheka mpaka akasahau ugomvi wake.

Kijana aliitwa Ragil. Aliomba radhi kwa bakuli la bakso, na pale kibandani, jasho likiwatoka juu ya supu ya moto yenye tonge za nyama, akarudia hoja yake, safari hii kwa adabu. Filamu ya kutisha, alisema, ni kama mzaha. Mara ya kwanza watu wanaanguka kwa kicheko, mara ya tatu wanakuonea huruma.

"Mwaka jana ulikula nini hapa?" Wening akamuuliza.

"Bakso."

"Na mwaka juzi?"

"Bakso."

"Basi mwambie huyu mzee kwamba supu yake imechuja."

Ragil akatazama bakuli. "Haijachuja. Lakini ingekuja imepoa ningemrudishia."

"Haya, umejijibu mwenyewe. Watu hawataki supu mpya. Wanataka ileile, ila iwe ya moto. Kazi yako ni kutafuta kuni."

"Na kazi yako wewe?"

"Mimi ni sufuria, kaka yangu. Ndiyo maana nakuomba uangalie unachochea vipi."

Tangu siku hiyo simu zikawa haziishi.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Sijala. Naandika namna unavyomnyonga polisi."

"Mnyonge taratibu, mgongo unaniuma. Na usinitundike tena kwenye mti, ule una siafu."

"Dik, mdogo wangu, kwa ajili yako nitaukata ule mti."

"Ukate ulimi wako kwanza."

Sehemu ya tatu ilijaza kumbi. Walioana kabla ya ya nne, Wening katika blauzi nyeupe ya kebaya na maua ya asumini yakining'inia hadi kifuani, na wageni wote wakitania kwamba bwana harusi ameoa mzuka kwa macho yake mawili. Lakini ya nne ilikuwa na mkosi wake: watu walicheka kabla mzuka hajacheka. Ragil alikaa kwenye ukumbi wenye viti vitupu akiwasikiliza, na alirudi nyumbani amenyauka kama mchicha wa jana. Kampuni ikamwambia wazi: ya tano ikifa, bembea inashushwa, na yeye atafute kazi nyingine.

Wakati huo Wening alikuwa na mimba.

Kwa Wajava, mimba haisherehekewi mpaka mwezi wa saba. Siku hiyo mama huogeshwa kwa maji ya visima saba yenye maua, kisha huvishwa vitambaa vya batiki kimoja baada ya kingine. Kila kimoja wanawake wakikiona hupiga kelele, "Bado! Hakijampendeza!" Kinavuliwa, kinaletwa kingine, nao wanapiga kelele zilezile. Kikija cha saba, ambacho si cha hariri wala cha kitajiri, ni kile cha mistari cha watu wa kawaida, ndipo wanapokubali. "Hicho! Hicho ndicho!" Mama yake Wening alishatuma vitambaa vyote kutoka Klaten, vimenyooshwa na kufukizwa.

Mimba ikatoka mwezi wa tano. Wakamzika mtoto kwa jina lake, na vitambaa vikabaki sandukuni.

Wening hakulizungumza. Mara moja tu, jioni moja wakikunja nguo, alisema huku macho yake yako kwenye soksi: "Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna hata aliyeniambia 'bado'. Sikufika hata kitambaa cha kwanza."

Ragil akamkumbatia. Wening alikumbuka baadaye jinsi alivyomkumbatia, kwa muda mrefu.

Miezi ikapita, wakaanza kupiga picha za sehemu ya tano. Mswada Wening hakuusoma; mazungumzo ya mzuka aliyajua kwa moyo, maana mzuka hasemi sana. Asubuhi moja Bu Sarmi akamwita chumba cha mavazi, uso wake una tabasamu la mtu aliyeficha keki.

"Simama wima, mwanangu. Leo nakuvisha kitu kipya."

Akamfunga tumboni mto wa mviringo, akaukaza kwa mikanda. Kisha akafunua kitambaa mezani, na chini yake kulikuwa na batiki saba zimepangwa.

"Mume wako ana akili!" Bu Sarmi akasema. "Sehemu nne tunamwona huyu mama kwenye bembea, hatujui alikuwa nani. Sasa tunamwona akiwa hai, anaogeshwa, watu wanampenda. Na kuna maneno ya kusema akishakufa, sikiliza: 'Hakuna hata aliyeniambia bado...' Ee, Wening! Wening, kaa chini! Maji! Leteni maji!"

Wening hakukaa. Alitoka nje na ule mto tumboni, akakatiza katikati ya mafundi na nyaya mpaka kwa Ragil.

"Umeniuza," akasema.

"Dik, subiri..."

"Maneno yangu, Mas. Nilikuwa nakunja nguo!"

"Nilitaka upate siku yako. Ile uliyoikosa. Nilidhani ni zawadi, na Bu Sarmi nilimwambia asikuambie mpaka..."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Kumbe jibu ulikuwa nalo."

Akafungua mikanda, akamkabidhi ule mto mikononi kama mtu anavyomkabidhi mtoto, akapanda treni kwenda kwa mama yake.

Ragil alipiga simu kila siku.

"Umekula?"

"Usiniulize nimekula."

"Nitaifuta hiyo sherehe yote. Sema tu. Tutamtundika mtu mwingine mtini, basi."

"Na kampuni?"

"Kampuni wanaipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Hata mimi naipenda, Wening. Sitakudanganya."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Hakuwa mwongo. Angekuwa mwongo, ingekuwa rahisi kumchukia.

Kisha Bu Sarmi akapiga. Hakuzunguka. "Wamechoka kukungoja. Wanaleta dada mwingine avishwe. Nimeona unapaswa kujua."

Wening akaiweka simu mapajani. Mama yake akamuuliza kuna nini.

"Kuna mwanamke anataka kuogeshwa kwa ajili ya mwanangu," akasema, akasimama kutafuta kandambili zake.

Siku ya kupiga picha, wanawake wa mtaa ule walikuwa wamekodiwa kujaza uwanja. Muongozaji alijaribu kuwafundisha, wakamwambia akae pembeni, wao wameanza kufanya jambo hili yeye bado ananyonya. Maji yakamwagwa, baridi, maua yakimnasa shingoni. Kitambaa cha kwanza. "Bado!" Cha pili. "Bado! Kinamfanya aonekane mgonjwa!" Wakacheka, wakataniana, bibi mmoja akamfinya shavu. Kila mara kelele zilikuwa zilezile, na kila mara zilimwingia upya, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo wewe mwenyewe ulidhani haina mtu. Kilipofungwa cha saba wakapiga kelele, "Hicho ndicho!" na Wening akalia kilio ambacho hakuna aliyekiandika.

Ilibaki kupasua dafu la manjano, kazi ya baba wa mtoto. Muigizaji akasogea na panga.

"Hapana," Wening akasema. "Mwiteni Ragil. Mkono tu ndio utakaoonekana."

Ragil akaja, akalishika panga. Akapiga pigo moja, dafu likagawanyika, maji yakamwagika mchangani. Wakatazamana. Muongozaji alisahau kusema basi.

Jioni ile walirudi nyumbani kwa pikipiki, nywele zake zenye maji zikimlowesha Ragil mgongo.

"Nisamehe," alisema wakiwa kwenye taa nyekundu.

"Endesha, Mas. Nasikia baridi."

Nao wakaishi vizuri kwa miezi kadhaa. Hilo lisemwe, kwa sababu ni kweli. Walipika, walitaniana, Wening alimpiga Ragil kwa mto alipokoroma.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza saa nane mchana, ukumbi umejaa hadi ngazi zake. Wening alivaa batiki ya samawati na kilemba cha rangi ya maziwa. Watu walipiga mayowe palepale walipopaswa. Kisha maji yakaanza kumwagwa, na ukumbi ukanyamaza. Kitambaa cha kwanza. Cha pili. Wening alijua kinachokuja, na bado aliegemea mbele. Kilipofungwa cha saba alinyoosha mkono gizani kuutafuta mkono wa mume wake.

Hakuupata. Akageuka.

Ragil alikuwa ameipa skrini kisogo. Amepiga goti juu ya kiti chake, anatazama nyuma, safu kwa safu, uso wake unang'aa.

"Tazama," akanong'ona. "Wanalia, Dik. Hata yule baba mwenye bisi. Wanalia!"

"Na wewe?"

"Mimi?" Akafikiri kwa dhati, kama kawaida yake. "Mimi nilikuwa naangalia kama imeshika."

"Imeshika," Wening akasema, akaurudisha mkono wake mapajani.

Alikaa mpaka mwisho. Aliwashukuru watu waliokuja kumshika mikono, wakimwambia hawakujua kama hadithi ile ilikuwa bado na uhai namna ile. Nje, kwenye maegesho, jua kali linachoma, Ragil alikuwa akitembea nusu anakimbia.

"Ya sita nimeshaiona! Sikiliza, huyu mama..."

Wening akamwekea kiganja mdomoni. Taratibu, kama mtu anavyozima taa.

"Usiniambie. Sikuchukii, Mas. Ningekuchukia ningebaki tukagombana. Lakini nataka siku moja nilie nyumbani kwangu bila kujiuliza nani anatazama."

"Nitaacha. Naapa, nitaacha kuandika."

"Hutaacha. Na sitaki uache. Unaijua kazi yako."

Akapunga mkono, pikipiki ya kukodi ikasogea. Akapanda upande, akaikusanya batiki magotini. Ragil alisimama mikono imelegea, macho yamejaa machozi, machozi ya kweli, akafungua kinywa kumwambia abaki. Neno lililotoka likawa:

"Sasa nani atakuwa mama?"

Alilisikia mwenyewe, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini Wening alikuwa amelisikia pia. Akamgusa dereva begani.

"Twende," akasema.