Uso wa Kambo

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya kituo cha treni cha Kamina, Hulda alikuwa amekwisha kufanya kazi zake zote. Alichota maji bombani, akafagia uwanja, akawasha makaa kwenye mbabula na kuchemsha chai. Ndipo alipokwenda kumsalimu bibi yake. Alikunja magoti, akapiga makofi polepole, macho yakiwa chini kabisa, na kungoja mpaka bibi aitikie.

Bibi huyo jina lake lilikuwa Kapenda, ila nyumbani hakuna aliyethubutu kulitamka. Walimwita kama Waluba wote wanavyowaita babu na bibi zao: Kambo. Wazazi wa Hulda walikuwa Mulongo, kwenye mashamba ya mihogo, na Kambo ndiye aliyemlea ili asome mjini. Alimlea kwa upendo na kwa ukali. Jambo ambalo hakulivumilia hata kidogo ni mtoto kumtazama mkubwa usoni. Alikuwa na msemo wake: mtoto anayemkodolea mkubwa macho anamhesabia meno. Basi Hulda alijua miguu ya watu wazima wote wa mtaa kuliko alivyojua nyuso zao.

Lakini huyu Hulda alikuwa na mkono, jamani! Tangu utotoni alichora kwa makaa ukutani, akapigwa. Akachora mchangani, akasifiwa. Sasa alikuwa amemaliza mwaka wa nane, na moyo wake wote ulikuwa kwenye shule moja ya ufundi huko Lubumbashi, yenye darasa la kubuni mavazi. Mjomba wake aliyekaa huko alikubali kumpokea, lakini mwaka huu tu, kwa sababu baadaye angehamishwa kazini. Akikosa mwaka huu, amekosa kabisa. Na mtihani wa kuingia ulikuwa mmoja: mtu hai huketi mbele ya wanafunzi, nao wamchore alivyo.

Prof Lazare, mwalimu wa kuchora, aliwapa mazoezi wote waliotaka kuujaribu mtihani huo. Kila siku mchore mtu wa kweli aliye mbele yenu, aliwaambia, si wa kwenye foto wala wa kichwani. Ijumaa mniletee kazi zenu.

Rafiki yake Hulda, Amida, alifanya kama alivyoambiwa. Alikaa kwenye duka la nguo la baba yake, mzee Alimasi, akachora wateja mmoja mmoja bila haya. Michoro yake ilichekesha. Shangazi yake Safi alitokea mnene kama chungu, na sikio moja lilikaribia bega. Lakini kila aliyeuona mchoro ule alisema papo hapo: huyu ni Safi.

Hulda alichora vizuri mno, lakini kuanzia chini. Kandambili zake ungesema unaweza kuzivaa. Mikunjo ya kitenge, vidole, hata kucha zilizokatika, vyote vilikuwa mahali pake. Kisha mkono ulipanda, ukapita kifua, ukafika shingoni, na hapo ukakwama. Angechoraje uso ambao hakuthubutu kuutazama? Njiani kwake kulikuwa na cherehani ya fundi Divin, na ukutani fundi alikuwa ametundika kalenda yenye picha ya mwanamke mrembo aliyevaa kitenge kipya. Yule wa kwenye karatasi hakuwa mkubwa wa mtu. Hulda alimtazama mpaka akamjua kwa moyo, kisha uso ule akaupachika juu ya kila shingo aliyoichora. Watu walimsifu, naye akazizoea sifa.

Ijumaa ikafika. Prof Lazare alichukua michoro ya Hulda, akaipanga juu ya meza yake. Kulikuwa na Kambo, kulikuwa na mama mmoja aliyeleta samaki kutoka Bukama, kulikuwa na mke wa askari wa Base, ile kambi ya jeshi. Wote watatu walikuwa na macho yaleyale, pua ileile na tabasamu lilelile.

"Hulda," akauliza taratibu, "hawa ni ndugu?"

Hulda angeweza kusema kweli hapohapo, mambo yakaisha. Lakini wenzake walikuwa wakimtazama, na sifa ni tamu. Akajibu kwamba yule wa samaki na Kambo wake ni mapacha, ndiyo maana wanafanana, na mke wa askari ni mtoto wa mmoja wao.

"Mapacha," akasema Prof. "Na Kambo wako anaitwa nani?"

"Kapenda, Prof."

Darasa likaangua kicheko. Amida peke yake, ambaye wazee wake walitoka Maniema, alibaki akiuliza wenzake wanacheka nini. Wakamweleza: kwa Waluba mapacha hawatafutiwi majina. Wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange, hata kama wangezaliwa juu ya treni. Pacha wa Kiluba anayeitwa Kapenda hajazaliwa bado. Njia ya mwongo ni fupi kweli, na ya Hulda iliishia kwenye jina la bibi yake mwenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Wenzake walipotoka, Prof alimbakiza. Hulda akalia, akasema yote: kalenda ya fundi Divin, shingo, macho yanayokataa kupanda. Prof hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba siku ya mtihani atakayeketi mbele yao atakuwa mtu mzima, na kalenda haitakuwepo. Ruhusa ya kumtazama Kambo hakuwa nayo yeye. Alikuwa nayo Kambo mwenyewe. Nenda ukamwombe, akamwambia.

Kuomba? Hulda aliogopa. Afadhali kuiba, akawaza. Jumamosi baada ya chakula, Kambo alipojinyoosha juu ya mkeka na kusinzia kama kawaida yake, Hulda akanyata na karatasi, akakaa karibu na kichwa chake. Kwa mara ya kwanza maishani aliutazama uso ule bila hofu. Akachora haraka haraka, kijasho kikimtoka. Alikuwa amefika kwenye kope zilizofumbwa pale Kambo alipozifumbua.

Bibi aliketi, akaichukua karatasi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Unanichora nimelala chali, macho yamefungwa," akasema. "Watu bananyooshwa hivi siku ya kuzikwa. Weye umenichora maiti?"

Hulda alitaka ardhi immeze. Alijitupa chini, na safari hii hakutafuta uongo. Alimweleza kuhusu mtihani, kuhusu mapacha wasio mapacha, na jinsi Prof alivyomtuma aombe ruhusa, naye akaona woga. Hapo Kambo akadai aione michoro mingine. Akamwona yule mwanamke mwenye kandambili zake yeye, mwenye kitenge chake yeye, mwenye vidole vyake vilivyopinda kwa jembe, na juu yake sura ya mgeni. Aliirudisha michoro, akaenda kuchambua majani ya sombe, na mpaka usiku hakumsemesha mjukuu wake. Hulda angependa kupigwa kuliko kimya kile.

Asubuhi ya Jumapili, baada ya misa, Kambo alibeba kiti chake mwenyewe akakiweka mlangoni, penye mwanga. Akaketi. Akamwita Hulda alete penseli.

"Angalia," akamwamuru.

Hulda akainua macho, yakafika kidevuni, yakaanguka. Akajaribu tena, yakaanguka tena.

"Minyi njo nakupatia ruhusa," akasema Kambo, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Nilikukataza macho ya kushindana na mkubwa. Sikukukataza kuniona. Macho ya kuiba njo mabaya. Ya kuomba hayana neno."

Basi Hulda akatazama. Mwanzoni alitazama kama mwizi, baadaye kama mtu. Aliona kovu dogo kwenye nyusi, ambalo hakujua kama lipo. Aliona jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, na midomo iliyobanwa kwa nguvu kwa sababu Kambo alikuwa akizuia kicheko. Aliuliza kuhusu kovu, akasimuliwa habari ya mbuzi mkorofi wa zamani. Alichora, akafuta, akachora tena. Mchoro wa kwanza ulikuwa mbaya kama wa Amida. Wa pili ulikuwa na pua ndefu mno. Kila siku baada ya kazi bibi aliketi na mjukuu akatazama, na karatasi zilizoharibika zikatumika kuwashia makaa ya mbabula. Hata Amida alikuja, akaketi pembeni kuchora naye, akicheka alipokosea.

Siku moja Hulda alimpa Kambo mchoro, naye akautazama mpaka machozi yakamlengalenga.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Sikujua nimekuwa kama yeye."

Mtihani ulifanyika katika ukumbi wa parokia. Aliyeketi mbele ya watoto alikuwa mzee wa jirani, amevaa koti lake la sikukuu, amekaza uso kama anayepigwa foto ya kitambulisho. Mwalimu mgeni kutoka Lubumbashi akasema waanze. Penseli zikaanza kukwaruza, lakini Hulda aliondoka mahali pake. Akamwendea mzee, akakunja magoti, akapiga makofi polepole.

"Papa, naomba ruhusa nikuangalie."

Nyuma yake mtu akacheka. Mzee hakucheka. Aliitikia kwa Kiluba, kwa sauti ya chini, na uso wake ukalegea. Mikunjo ya kazi na ya furaha ikarudi mahali pake. Hulda akarudi kuketi, akainua macho, na hayakuanguka. Mwalimu mgeni alipita nyuma yake, akasimama kidogo, akaendelea kuzunguka.

Majibu yalipokuja, majina ya Hulda na Amida yote yalikuwemo. Amida alipiga kelele mpaka wateja wa baba yake wakadhani duka linaungua. Hulda alikimbia nyumbani, na kwa furaha akasahau hata kukunja magoti. Kambo alimshika mabega.

Prof Lazare alikuwa amefuata nyuma kuja kumpongeza, akamwambia Kambo kwamba mtoto huyu ameshinda kwa mkono wake. Kambo akatikisa kichwa. Mkono alikuwa nao tangu zamani, akasema, na mkono huohuo ndio uliomtia uongoni.

Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Sikiliza, mwanangu. Siku ile nilipoona sura ya mwingine juu ya shingo yangu, nililia, ila hukuniona. Watu walikusifu kwamba umechora mwanamke mzuri, lakini minyi sikuwemo. Uongo ni hivyo. Unapendeza, watu wanapiga makofi, na kuna mtu umemfuta. Kosa lako ukilificha litakufuata mpaka Lubumbashi. Ukiona kitu kinakushinda, sema kinakushinda, omba usaidiwe, kisha ufanye kazi. Na heshima si kufumba macho. Heshima ni kumwona mtu kama alivyo, na bado kumpenda."

Hulda aliitikia, akimtazama usoni.