Papa Hayiko

Mama na baba wa kila avenyu, nisikilizeni, maana jambo hili lilitokea Ngezi, hapa hapa Bunia, na lingeweza kutokea kwenu.

Jumapili ile ua wa kina Clarisse ulikuwa umefagiwa ukafagiwa tena. Viti vilikuwa vimeazimwa kwa majirani, nyama ya mbuzi ilikuwa motoni. Wakubwa wa familia ya Emery, mchumba wake, walikuwa wamekuja kuposa, na nyuma ya pazia Clarisse aliusikia moyo wake ukimpigia ngoma.

Ndipo baba yake, Augustin, akaingia kutoka kwa Mama Kanyere, mpika lotoko, ile pombe kali ya muhogo. Alipepesuka, akaipa mkono nguzo ya nyumba, akaiuliza habari za ng'ombe wake. Kisha akaketi, akakoroma.

Muzee Alphonse, msemaji wa wageni, alisimama taratibu.

"Tutarudi siku papa wa mutoto atakuwako."

"Lakini si huyu hapa!" alisema Hélène, mama yake Clarisse.

"Mama, siye hatukuona mutu. Papa hayiko."

Wakaondoka, nyama ikiwa bado motoni. Clarisse alilia hadi pazia likalowa.

Msifikiri avenyu haikuwa imejaribu. Mara mbili shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, alimwaga mapipa ya lotoko. Kesho yake moshi ulitoka ua mwingine. Mchungaji alihubiri, Augustin akaitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote, halafu akapitia kwa Kanyere. Lakini neno la Muzee Alphonse lilibaki kichwani mwa Clarisse, msichana ambaye hata kuomba chumvi kwa jirani kulimtoa jasho.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, baba yake alibisha, harufu ikimtangulia. Clarisse alishikilia komeo.

"Karibu, mugeni. Papa hayiko. Ukuje siku ingine."

"Weye Clarisse! Ni mimi papa yako!"

"Sauti ni yake," alijibu kwa heshima, "lakini harufu si yake. Papa yangu iko seremala, anatembea sawa na rula. Weye unatembea kama nyoka."

Majirani walicheka hadi wakashika mbavu, na neno likaenea. Augustin aliposalimia bombani akiwa amelewa, jirani yake Mama Solange alimjibu, "Mugeni, ukimuona Papa Augustin, umusalimie. Tumemukosa!" Lakini asubuhi alipopita akiwa hajanywa, walimkumbatia: "Eh, Papa Augustin! Umerudi safari? Ulikuwa Aru ao Komanda?" Hata Kanyere, ambaye naye ana binti wa kuozwa, alifunika mtungi wake.

"Nitauzisha nani? Hapa sioni mutu."

Matusi mtu huyavumilia. Kuwa hai huku huonekani, hiyo ni kazi nzito. Wiki ya pili Augustin aliacha pombe, akalala akitetemeka. Hélène alimpikia uji, na wanaume wa avenyu walishinda naye kwa zamu, asibaki peke yake na kiu. Alipopata nguvu, alishika randa.

Miezi miwili baadaye wageni walirudi. Safari hii hakuna kiti kilichoazimwa. Vyote vilinukia mbao mpya. Muzee Alphonse alisimama mlangoni.

"Hodi! Papa mwenye nyumba iko?"

Nyuma ya pazia Clarisse aliuma kidole. Augustin alisimama wima, sawa na rula.

"Niko!" Akarudia kwa nguvu: "Niko, muzee! Na mutoto wangu iko. Mukaribie!"

Vigelegele vilipasuka avenyu nzima, na aliyepiga kuliko wote alikuwa Kanyere, amebeba sufuria ya chai.

FUNDISHO

Shefu anaweza kumwaga pipa, lakini kiu ya mtu humalizwa na watu wanaomtaka arudi. Tuufunge mlango mbele ya pombe, tuufungue mbele ya ndugu yetu. Na wewe unayesoma: leo wakibisha kwako, watoto watajibu kwamba uko?