Mshipa wa Kushoto

Asubuhi ile mama kijana alimnyonyesha mwanawe, akamkabidhi kwa mama mkwe, akapanda kitanda cha picha ya ultrasound hospitalini. Mguu wake ulikuwa umevimba. Dada yake pacha alianza hivyo hivyo baada ya kujifungua, akazikwa kabla kichanga chake hakijapewa jina. Hilo lilikaa nao tu mle chumbani.

Mpiga picha, mzee mpole, aliipasha jeli viganjani kwanza.

"Isije ikawa baridi kama moyo wa mkwe."

"Nakusikia, baba!" mama mkwe akajibu, akikibembeleza kichanga. Wakacheka.

Mzee akasogeza kifaa tumboni, akiutafuta mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mshipa huo hunywea mtu akivuta pumzi, hujaa akiitoa. Akaupata upande wa kulia. Haukucheza. Damu ilikuwa imeganda ndani, imeujaza pomoni.

Akasogea kushoto.

"Una mishipa miwili," akanong'ona. "Wachache huzaliwa hivyo. Huu wa pili ndio unaopitisha damu. Ndio uliokuweka hai, mwanangu. Hebu bana pumzi."

Akabana.

Kwenye kioo cha mashine, mshipa wa kushoto ukanywea. Ukajaa. Ukanywea.

"Bana, mama."

Akaitikia kwa kichwa kwamba amebana, midomo kaifunga, macho yamemtoka. Mama mkwe akamwekea kiganja kifuani. Kifua kimetulia tuli.

Mshipa ukaendelea kupumua. Polepole. Kama mtu aliyelala.

Utotoni yeye na pacha wake walilala kitanda kimoja. Pacha huyo hakukubali upande mwingine ila wa kushoto.

Mama kijana alilazwa, akapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Mguu ukanywea, maziwa yakaendelea kutoka. Siku ya kuruhusiwa akapigwa picha nyingine, kwenye mashine kubwa.

"Mshipa wa kulia umezibuka, hongera," daktari akasema. "Lakini nani alisema ipo miwili? Hapa pana mmoja tu."

Mzee wa picha akainamisha uso. Mama kijana hakuogopa. Alilia kama aliyezika mara ya pili, na mama mkwe akampangusa kwa upindo wa nguo ya mtoto, asimwambie anyamaze.

"Ila hapa sielewi," daktari akanong'ona, akisogea karibu na kioo.

Upande wa kushoto palikuwa na nafasi nyembamba, ndefu, tupu. Matumbo hayakuwa yameisogelea. Palikuwa na mbonyeo tu, kama wa godoro alipoamka mtu sasa hivi.